Kiazi kitamu kama dawa ya nyumbani

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, ukilalamika kwamba mtoto hapati choo vizuri, jirani atakuambia umpe kiazi kitamu. Nami huwaambia wenzangu hivyohivyo. Kichemshe na ganda lake baada ya kukiosha vizuri, ale na maji ya kutosha. Nyuzinyuzi zake hulainisha choo.

Lakini sifa kubwa ya kiazi ni macho, na hapo rangi ndiyo yenye kazi. Kiazi cheupe kinashibisha tu. Kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Kabode au Vita, aina zilizotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2007, kina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo huanza kujikwaa jioni na magonjwa hayambanduki. Kipande cha gramu 125 tu kinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Mganda mwenzetu Robert Mwanga, mtafiti wa mbegu za viazi, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na viazi hivi ndivyo vilivyomfikisha huko.

Kwangu sikipeleki mezani kikavu. Nakiponda kikiwa bado moto, namwagia mchuzi mzito wa karanga mpaka uji wake unageuka rangi. Mafuta ya karanga ndiyo yanayousaidia mwili kuifyonza ile beta-karotini. Wanaopenda amukeke ya Teso, yaani vipande vya kiazi vilivyokaushwa, waanike kivulini na wasiiweke ghalani miezi mingi, kwa sababu jua na muda huila beta-karotini.

Mwenye kisukari ale kidogo, cha kuchemsha, aache cha kuchoma, maana cha kuchoma hupandisha sukari haraka zaidi.

Bibi yangu alikuwa akiponda matembele na kuyabandika juu ya jipu. Naiheshimu dawa hiyo, lakini mimi siiweki kwenye kidonda kilicho wazi, na mtoto akiwa na homa nampeleka zahanati kwanza. Vilevile kiazi hakitibu upofu wa usiku ulioshaanza. Mwenye upofu huo anahitaji matone ya vitamini A hospitalini, leo hii.

Sokoni, kikate mbele ya muuzaji. Kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu, na uchungu huo ni sumu isiyoisha kwa kupikwa. Kitupe mbali, wala usimpe ng'ombe: kiazi kilichooza huharibu mapafu yake.