Jua limehama upande, mwembe haujasogea

Mwanangu,

Unauliza: paneli ya sola uliyofunga Desemba hapo Lubumbashi ilipata jua siku nzima, mbona sasa, mwezi wa sita, mwembe unaifunika wakati mti haujarefuka?

Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama digrii 23.4, na mwinamo huo haugeuki. Mwezi wa sita nusu ya kaskazini ndiyo huelekea jua. Desemba ni zamu yetu. Nawe uko karibu digrii 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hukupitia pande zote mbili. Tarehe 21 Juni, adhuhuri, liko kaskazini, kimo digrii 55 kutoka upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba liko kusini, digrii 78. Utosini kabisa hupita mara mbili, yapata tarehe 24 Oktoba na 18 Februari.

Mwembe wako uko kaskazini mwa nyumba. Ukizidi bati kwa mita 6, kivuli chake cha adhuhuri Juni kinalala mita 4.2 kuelekea kusini, juu ya paneli. Desemba ni mita 1.25 tu, tena kuelekea kaskazini. Asubuhi ni vibaya zaidi: Juni, saa tatu na robo, kinafika karibu mita 9 kuelekea kusini-magharibi. Na usidharau kivuli cha tawi moja. Seli, yaani vipande vya paneli vinavyozalisha umeme, zimeungwa mfululizo, chache zikifunikwa umeme wa paneli nzima hushuka.

Simika fimbo ya mita 1, inyooshe kwa timazi, utafute kivuli kifupi kuliko vyote cha siku. Juni ni sentimita 70. Mstari wake ndio kaskazini na kusini yako. Usifuate saa ya simu: mwishoni mwa Oktoba adhuhuri ya jua hutangulia saa sita kwa dakika 6 hivi, katikati ya Februari huchelewa dakika 24.

Maelekezo ya Ulaya husema paneli itazame kusini. Hayo ni ya kwao. Yako itazame kaskazini, ukingo wa kusini uinuliwe sentimita 21 hadi 26 kwa kila mita ya paneli. Ukiilaza bapa, vumbi la kiangazi litaganda.

Kabla hujatoboa bati upya, weka alama za kivuli sasa hivi, saa tatu, saa sita na saa tisa. Kusini kabisa mwa mwembe, pasipofikiwa na kivuli chake Juni hapatafikiwa mwezi mwingine, isipokuwa mti ukue.

Baba yako