Baiskeli ya triathloni ukiwa Mtwara: nunua mkao kwanza, magurudumu yatakuja

Wadau wa kusini, habari zenu. Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kuingia triathloni za masafa marefu ni hili, "kaka nimejichanga, nichukue baiskeli gani na magurudumu gani ya mbio?" na ukimsikiliza vizuri unakuta keshachagua kitambo, ana picha kwenye simu ya chuma cheusi chenye rimu refu hatari, anachotaka kwako ni baraka tu. Mi baraka huwa sitoi haraka. Naishi hapahapa Mtwara na kuna mambo ya kuchagua baiskeli ambayo mtu wa Ulaya hatakuambia, sio kwa roho mbaya, ni kwa sababu kwake duka la spea liko mtaa wa pili.

Tuelewane kwanza tunaongelea umbali gani. Ironman nzima, yaani triathloni ya masafa marefu, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu unashuka unakimbia marathoni kamili ya 42.2. Nusu yake ni 1.9, 90 na 21.1, na hiyo nusu ndio wengi wanaanza nayo, hata Rwanda ipo, pale Rubavu kwenye Ziwa Kivu, toka 2022. Sasa hizo 180 kwa hesabu zetu ni unatoka Mtwara mjini, Mikindani, Mnazi Mmoja, unaipita Ndanda na Masasi unaanza kuinusa. Muda wote huo umelala mbele, jua mgongoni, na ukifika hakuna cha gesti wala soda baridi, unavaa raba unaanza kukimbia. Na mbio hizi huruhusiwi kujibanza nyuma ya mwenzio akukingie upepo kama wale wa Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa, upepo wote ni wako. Kwahiyo baiskeli ya kazi hii usiipime kwa inavyoruka kilomita 5 za kwanza pale Shangani, ipime kwa hali utakayokuwa nayo kilomita ya 150.

Kwenye barabara tambarare kinachokula nguvu zako ni upepo, na una hesabu mbaya sana, ukitaka spidi mara mbili nguvu ya kuupasua inatakiwa mara nane. Na kinachoukamata zaidi sio baiskeli, ni wewe mwenyewe, mabega, kifua, kichwa, mapaja. Fremu na magurudumu wanagombania kile kinachobaki. Ndio maana nasema mkao kwanza.

Wanaobisha nawaambiaga waitazame siku ya mwisho ya Tour de France ya 1989. Greg LeMond yuko nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, imebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles kuingia Paris, kila mtu anaendesha peke yake dhidi ya saa. Fignon kaja na magurudumu ya kuzibwa (spoki hazionekani, ni kama sahani) yote mawili, mbele na nyuma, nywele kafunga mkia wa farasi, kofia hana. LeMond kaziba la nyuma tu, ila mbele kafunga vile vishikio virefu vya kulalia ambavyo watu wa triathloni ndio walikuwa wanavitumia, viwiko vimeingia ndani, kichwa chini. Akamla sekunde 58, akachukua Tour nzima kwa sekunde 8. Aliyekuwa na magurudumu mengi akafungwa na aliyekuwa na mkao. Sisemi magurudumu hayana kazi, yanayo, nitayafikia, nasema foleni iko hivyo.

Haya, mkao unapatikanaje. Baiskeli ya kawaida ya mbio bomba la kiti limelala, nyuzi kama 72 mpaka 74 hivi. Ya triathloni limesimama, 76 na kuendelea, nyingine mpaka 80. Ukisikia hizo namba unaona kama utani, nyuzi tano zinabadilisha nini? Zinakusogeza mbele juu ya pedeli, kiuno kinazunguka pamoja na mgongo, paja likipanda halikugongi tumboni, yaani unaweza kulala mbele na bado ukapumua na kukanyaga. Ukilazimisha kulala hivyo kwenye baiskeli ya kawaida bila kusogeza kiti unajikunja tumbo, na ukija kushuka kukimbia miguu inakuwa ya mbao.

Ukiangalia tangazo usiishie kwenye "saizi 54" au "M", hizo kila kampuni ina zake. Tafuta namba mbili, staki na richi. Staki ni kimo kutoka katikati ya kranki kwenda juu mpaka mdomo wa bomba la hendeli, richi ni umbali wa mlalo kati ya sehemu hizohizo. Kwa hizo mbili unalinganisha fremu ya kampuni yoyote na yoyote. Na utajuaje zako? Kama una baiskeli ya kawaida ya mbio funga vishikio vya kulalia, sogeza kiti mbele na ukipandishe kidogo, chukua barabara ya Mikindani alfajiri kabla malori hayajachangamka na ulale humo kwa saa nzima bila kuinuka. Shingo ikilalamika pandisha vishikio, ukiona bado una nafasi vishushe, mpaka upate pa kukaa. Halafu pima na futi kutoka katikati ya kranki mpaka kwenye mito ya viwiko, kwenda juu na kwenda mbele, andika. Hiyo karatasi ina thamani kuliko ushauri wa muuzaji yeyote. Watu wengi wanataka mbele pashuke chini kabisa kama wale wa kwenye picha, lakini mkao wa chini unaouvumilia dakika 20 halafu unainuka unakuwa mwavuli, unashindwa na mkao wa wastani unaoukaa saa tano. Kiti nacho, chukua chenye pua fupi iliyopasuliwa katikati, hapo sina maelezo mengi, utanielewa ukishakaa.

Sasa tuje kwenye fremu yenyewe, na hapa wengi hawataki kunisikia. Zile mashine mpya ambazo waya zote zimefichwa ndani, hendeli na vishikio ni kitu kimoja, mafuta ya breki yanapita ndani ya bomba la mbele, ni tamu kuangalia. Ila hapa kwetu nani atakufungulia? Fundi wangu ni mzee ambaye ukimpa rimu iliyopinda anaizungusha mbele ya jicho moja, anakaza spoki hii anaregeza ile, mpaka gurudumu linasimama limenyooka, hana mashine yoyote. Siku nilimpelekea baiskeli ya jamaa mmoja ya namna hiyo akaizunguka mara mbili kimya, akainama kuchungulia chini ya hendeli, akaniuliza "mwanangu, huu waya unaingilia wapi?" Kubadilisha baringi ya juu tu, ile ya bei ya chai, ilibidi breki zikatwe na mafuta yamwagwe. Mwenye baiskeli akaishia kuipakia kwenye basi kwenda Dar.

Na baringi hapa zinakufa, msidanganyane, chumvi ya bahari iko hewani na jasho la kulala mbele linadondokea palepale kwenye hendeli. Kaboni yenyewe haishiki kutu lakini alumini ikigusana na kaboni kwenye unyevu wa chumvi inaliwa, utaona unga mweupe unatoka pembeni ya bolti na kwenye shingo ya bomba la kiti. Ukiacha hivyo miezi kiti hakitoki tena hata kwa nyundo. Kwahiyo kila baada ya wiki chache chomoa bomba la kiti (lile la ndani linaloshika kiti, sio la fremu), futa, paka ile grisi maalum ya kaboni yenye mchanga mchanga (grisi ya kawaida hapo hapana, kitateleza), rudisha.

Ushauri wangu basi kwa mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi, chukua fremu ambayo waya unauona kwa sehemu kubwa, hendeli unaitoa kwa funguo za alen, na baringi za kranki ni za kufunga kwa nati, sio zile za kugongewa ndani. Giya za waya zinatosha kabisa, za umeme ni raha kwa sababu unabadilisha ukiwa umelala, nakubali, ila ukikosa chaji au waya mmoja ukiliwa na chumvi ndio basi tena. Breki za diski au za rimu? Zote sawa kwa tambarare. Ukipenda za mafuta angalia zinatumia mafuta gani, breki za kampuni ya SRAM za barabarani ni DOT, jamii ileile ya breki za gari na utaipata duka la spea hapa mjini, za kampuni ya Shimano ni mafuta ya madini, hayo lazima uagize, na usije ukabadilishana maana mpira wa ndani unaharibika na breki inakuacha.

Na wale wa mitumba, sikilizeni hapa. Baiskeli za triathloni za zamani nyingi zinakuja na gurudumu dogo linaloitwa 650C. Bei inavutia kweli. Muuzaji atakwambia ni inchi 26, tairi zipo kibao. Muongo au hajui. Inchi 26 ya baiskeli ya mlima kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 559, hiyo 650C ni 571, haiingii hata ukiipaka sabuni. Unayoitaka ni 700C, 622 imeandikwa ubavuni mwa tairi. Na zile tairi za inchi 28 za baiskeli zetu za kubebea mizigo usijidanganye nazo, ni 635, zitapwaya.

Haya magurudumu. Rimu refu, yaani ile yenye kimo kirefu kutoka kwenye tairi kushuka kwenye spoki, inapitisha upepo vizuri kuliko rimu fupi, na kadri inavyokuwa ndefu inasaidia zaidi mpaka unafika kwenye la nyuma lililozibwa kabisa. Tatizo ni upepo wa ubavuni. Gurudumu la nyuma lina uzito wako juu yake na haligeuki, upepo ukilipiga unasukumwa kidogo basi. La mbele limeshikana na hendeli, upepo ukilipiga linakata kona bila ruhusa yako, na we umelala mikono iko mbali na breki. Ndio maana kule Kona, Hawaii, magurudumu ya kuzibwa yalipigwa marufuku kwa miaka mingi kwenye mbio za Ironman kwa ajili ya ule upepo wa ubavuni.

Sisi tuna kusi. Msimu wa kusi ukitoka Mtwara kwenda Lindi unajiona bingwa wa dunia, upepo uko mgongoni unakusukuma, ila ukifika Mnazi Mmoja ukikunja kulia kuelekea Lindi mjini unahamia ubavuni, na hapo ndio kipimo chako cha gurudumu la mbele. Ongeza lori la saruji linalokupita, linakukata upepo ghafla halafu linakurudishia wote kwa mpigo. Mtu mwepesi wa kilo 60 na rimu ya milimita 80 mbele hapo anaomba dua. Kwa wengi wetu mbele 40 mpaka 50 inatosha, nyuma weka 60 au 80 ukitaka, na kama ni mwepesi shusha zaidi mbele, huna unachopoteza cha maana, kwa sababu kila ukiinuka kwenye vishikio ukashika hendeli kwa uoga umeshatupa faida yote ya hiyo rimu.

Kabla hata ya rimu nunua tairi. Tairi nzuri laini ya mbio pamoja na tyubu nyepesi inakupa spidi ambayo watu wanaitafuta kwenye magurudumu ya bei ya bodaboda mpya. Upana milimita 28 kwa barabara zetu kama fremu inaruhusu, 25 kama hairuhusu, na usijaze upepo mpaka igome kama jiwe, kwenye lami ya kokoto tairi ngumu inakurusharusha tu. Angalizo, rimu nyingi mpya za kaboni hazina ile ndoano ya kushika tairi pembeni, hizo mwisho wake ni baa 5, kama PSI 72 na nusu, na zinataka tairi iliyoruhusiwa kwa rimu hizo tu. Sasa ukipeleka kwa kijana wa kujaza upepo aliyezoea kujaza mpaka mkono umchoke, tairi inaruka kama bomu. Mi nachukua zenye ndoano, naweza kuweka tyubu na tairi yoyote nikalala usingizi. Tubulesi pia nzuri lakini ule ute wa kuzibia ndani kwa joto letu unakauka upesi, uwe tayari kuongeza mara kwa mara.

Mazoezi fanya na magurudumu ya alumini ya kawaida, yakipinda mzee anayanyoosha. Ya mbio kama ni mbio moja kwa mwaka kopa au kodi, hakuna aibu, ila uyaendeshe walau mara moja kwenye upepo wa kweli kabla ya siku yenyewe, na kama breki ni za rimu badilisha zile raba za breki pia, zilizotumika kwenye rimu za alumini zinabeba vipande vya alumini vinavyokwangua kaboni.

Kitu cha mwisho, kidogo lakini kimewalaza watu njiani. Rimu ya 60 inataka tyubu yenye mdomo mrefu, tyubu ya akiba yenye mdomo wa 48 haitoki hata nje, utaikodolea macho tu. Beba zenye mdomo wa 80 au beba viungio vya kurefushia, na vijaribu nyumbani kama havivujishi. Halafu nunua kile kiadapta cha shaba cha kugeuza mdomo mwembamba uwe kama wa gari, ukifunge palepale kwenye bomba la kiti kwa utepe. Ukiwa nacho pancha ikikukuta Mnazi Mmoja unajaza kwa pampu ya bodaboda au kituo chochote cha mafuta, ila mwambie kijana aachie kidogokidogo, na geji ushike mwenyewe.