Meneja anataka nivue ushungi mapokezini: je, hii ni darura?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Tanga, kwa sasa nakaa Dar es Salaam kwa shangazi. Nimesomea mapokezi ya hoteli ngazi ya diploma. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye mkubwa, nina wadogo wawili wanaosoma, na mama anatumia dawa za presha. Baba mdogo yupo Tanga, ana maduka mawili, lakini tangu arobaini ipite hatujamwona. Nimehangaika na bahasha karibu mwaka mzima, sasa nimefaulu usaili wa hoteli moja hapa mjini, mshahara laki nne na nusu. Siku ya kufuata barua meneja akaniambia, "Ushungi uache nyumbani, hapa mapokezi tunauza sura." Nikanyamaza. Shangazi anasema nivue nikiingia, nivae nikitoka, kwani Mungu anaangalia moyo. Rafiki yangu aliyeajiriwa hapohapo ndivyo afanyavyo. Kazi nyingine niliyoahidiwa ni ya duka la vifaa vya shule, ushungi ruhusa, laki na nusu kwa mwezi. Je, hali yangu ni darura? Na mshahara wa rafiki yangu ni halali?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako na amjaalie mama afya.

Nianze na lile unalolingojea. Kwa ulivyoeleza hujafika kwenye darura, na huna ruhusa ya kuvua. Lakini nisikuache hapo, maana kwa barua yako naona hata hiyo kazi yenyewe hujaikosa bado. Umeambiwa neno moja ukanyamaza. Tutalirudia hilo.

Darura kwa mafakihi ni jambo zito kuliko tunavyolitumia mitaani. Ni pale mtu anapochelea roho yake au kiungo chake, au anapokaribia hapo, na mlango wa halali umefungwa kweli. Huyo ndiye anayeruhusiwa nyamafu, tena kwa kiasi cha kumsimamisha, si cha kumshibisha. Chini ya darura kuna haja, ambayo ni dhiki na usumbufu, na chini yake kuna kupanua maisha. Wewe una kazi ya pili mkononi. Ni ndogo, lakini ipo, na ushungi unaruhusiwa. Basi kinachokuvuta ni tofauti ya laki tatu, na tofauti ya mshahara haiitwi darura.

Nayasema hayo bila kulibeza hilo fungu. Laki tatu kwa nyumba yenye dawa za kila mwezi na ada za watoto wawili ni fedha kubwa, na atakayekwambia "dunia si chochote" mwulize kwanza yeye analala wapi. Tena nikwambie ambalo huenda hujaambiwa: kwako wewe kazi si starehe. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtoto mwenye uwezo analazimika kumlisha mzazi asiyejiweza, awe mtoto wa kiume au wa kike, na wewe ndiye mkubwa. Wanaokuuliza kwa nini binti wa Kiislamu anahangaika na bahasha barabarani hawajui fikihi. Jabir (R.A.) anasimulia, na hadithi imo katika Sahih Muslim, kwamba khala yake, yaani dada wa mama yake, alipewa talaka, akataka kwenda kukata tende za mitende yake. Mtu mmoja akamkemea asitoke. Akaenda kumweleza Mtume (S.A.W.), naye akamwambia akakate tende zake, huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Na mke wa Ibn Mas'ud, Bibi Zaynab (R.A.), alipouliza kama matumizi anayompa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea yanamtosha kuwa sadaka, alijibiwa kwamba ana malipo mawili, ya undugu na ya sadaka. Wadogo zako ni mayatima. Hesabu mwenyewe.

Hoja ya shangazi ina hadithi nyuma yake, ila imekatwa mkia. Mtume (S.A.W.) amesema Mwenyezi Mungu haangalii sura zetu wala mali zetu, bali huangalia nyoyo zetu na amali zetu. Watu wanaishia kwenye nyoyo. Neno amali wanaliacha mezani kama mifupa ya samaki. Mavazi ni amali.

Sasa tuje kwenye vazi lenyewe, maana humu ndimo nafasi yako ilimo na wengi hawaioni. Sura ya Annur, aya ya 31, imewaamrisha waumini wanawake waangushe khumur zao juu ya juyub. Khumur ni shungi. Juyub ni ule uwazi wa nguo shingoni na kifuani. Wanawake wa zama zile walikuwa na vitambaa vya kichwa, ila walivitupia mgongoni, shingo na kifua vikabaki wazi. Aya ikawataka wavilete mbele. Bibi Aisha (R.A.) anasimulia katika Bukhari kwamba wanawake wa Muhajirina walipoisikia walichana shuka zao wakajifunika nazo. Hawakungoja shehena ya baibui kutoka Dubai. Walichukua kitambaa kilichokuwapo.

Kwa hiyo sheria imeweka masharti, haikuweka mshono. Nguo ifunike mwili isipokuwa uso na vitanga vya mikono, isiwe nyepesi ya kuonyesha ndani, isibane ikachora maungo, na isiwe ya kujitangaza. Rangi nyeusi si sharti. Baibui si sharti. Koti la sare likiwa refu na la mikono mirefu, sketi ya kufika vifundoni, na ushungi wa rangi ya kampuni uliofunika shingo na kifua, hiyo ni sitara kamili. Wako maulamaa, wakiwemo wa madhehebu yetu, waliolazimisha uso pia, na anayevaa nikabu kwa kauli hiyo simgusi. Lakini wewe hujataja nikabu, na kauli ya kuacha uso wazi ina wakubwa wake. Tena bwana meneja anasema anauza sura. Sura si ndiyo uso? Basi huo anao.

Miaka michache nyuma alikuja nyumbani binti wa jirani na mfuko wa rambo. Ndani mna sare aliyopewa na kampuni ya usafirishaji: koti la bluu la mikono mifupi na sketi ya magotini. Analia. Mke wangu akaitandaza ile sare kitandani, akaipima kwa shubiri, akasema, "Hii haina kesi, hii ina fundi." Wakaenda naye Kariakoo kutafuta kitambaa kinacholandana, bluu yake ilisumbua kidogo. Fundi akashona sketi mpya, akaongeza mikono, na masalia akayapiga pindo yakawa ushungi. Binti akauchomeka ndani ya kola, pini mbili, ili kibandiko cha jina kionekane. Jumatatu hakwenda kuomba kwa maneno. Alikwenda amevaa. Msimamizi akamtazama juu chini, akamwambia jaribu wiki moja. Hakuna aliyelizungumza tena.

Nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Mwingine alifanya vilevile, koti safi, ushungi safi, akarudishwa getini. Alikaa miezi minane akipika maandazi ya asubuhi kabla hajapata kazi ya duka la dawa. Ile miezi minane ilikuwa mirefu na mimi sikuwa na la kumpa zaidi ya dua na unga.

Lakini uliza. Wasichana wetu wengi wanaambiwa neno moja, wananyamaza, kisha wanakuja kwetu kuomba fatwa ya kuvua. Fatwa inakuja baada ya kujaribu. Msubiri akiwa ametulia, umwambie kwa adabu: sare yenu nitaivaa, rangi yenu nitaivaa, naomba niiongezee ushungi wa rangi hiyohiyo kwa gharama yangu, nitazame wiki moja. Uwe na mfano mkononi, maana mtu anakataa asichokiona. Akikataa, omba akupe kwa maandishi kwamba sababu ni ushungi. Wengi wakifika kwenye kalamu wanalegea, na wana sababu. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya dini, na kifungu hicho kinamhesabu hata mwombaji kazi, si aliyekwisha kuajiriwa tu. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba jambo fulani ni sifa ya lazima ya kazi yenyewe, lakini sioni vipi kichwa wazi kiwe sifa ya lazima ya kuandika jina la mgeni na kumkabidhi ufunguo. Mlango wa kulalamikia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikusukumi kwenda kushitaki. Wajibu wako haufiki huko. Nataka tu ujue kwamba unapouliza huombi hisani.

Kuna aya naipenda katika jambo hili. Sura ya Alqasas, aya ya 23 mpaka 26. Nabii Musa (A.S.) anafika kisimani Madyan, anakuta wanawake wawili wamezuia mifugo yao pembeni. Akawauliza, mna nini? Wakamjibu kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoe wanyama wao, na baba yao ni mzee sana. Wametoka kwenda kazini kwa haja, sababu ni baba asiyejiweza, na hata katikati ya msongamano wa wanaume wana mwenendo wao. Huyo ni wewe na mama yako. Musa hakuwauliza kwa nini wametoka. Aliwanyweshea. Kisha mmoja wao, aliyekuja akitembea kwa haya, ndiye aliyemwambia baba yake amwajiri Musa, kwani mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa mbili alizitaja binti mfanyakazi, na Qur'ani ikazihifadhi. Nywele hazimo.

Natamani aya hiyo isomwe kwa matajiri wetu wenyewe. Wapo Waislamu wenye maduka, tasbihi mkononi, ambao wakitafuta muuzaji wanamwambia dalali awaletee "msichana wa kuvutia wateja", na mwenye ushungi wanamwona kama atafukuza watu. Kisha Ijumaa wanauliza mabinti wa Kiislamu wameharibikia wapi.

Rafiki yako. Kazi ya mapokezi katika asili yake ni halali, kwa hiyo mshahara wake ni halali. Kuvua ni kosa la peke yake, haliingii ndani ya ujira. Asije mtu akamwambia chakula chake ni haramu. Wala asiache swala kwa kuona haya kwamba amevua. Shetani anapenda kosa moja lizae la pili. Mwambie alitazame hili koti lako likifanikiwa.

Mambo mawili ya hoteli umeyasahau kuuliza. Kama mapokezi mnatakiwa kumkaribisha mgeni kwa kinywaji, na kinywaji chenyewe ni pombe, hilo jitoe mapema, maana hadithi imewalaani wengi kwenye mnyororo wa pombe, na anayeinywesha yumo. Na wageni wa kiume wakinyoosha mkono, weka wako kifuani na uinamishe kichwa kidogo. Watu wa pwani tuna salamu hiyo toka zamani na wageni wanaiona heshima.

Meneja akikataa kata kata, chukua ile ya duka la vifaa vya shule huku ukiendelea kutafuta. Sura ya Attalaq inasema amchaye Mwenyezi Mungu humfanyia njia ya kutokea na humruzuku asipotarajia. Siijui tarehe ya njia hiyo, na sitakuahidi kwamba mwezi ujao utapata laki tano. Na siku ikitokea duka limefungwa, mama amezidiwa na hakuna mlango wowote, usijiamulie peke yako wala usiamuliwe na shangazi. Rudi tutazame, kwa kuwa darura ya kweli ikija ina hukumu yake na mpaka wake.

Amebaki baba mdogo. Katika Shafii matumizi ya lazima ni baina ya wazazi na watoto tu, juu na chini, kwa hiyo kwa madhehebu yetu atanichomoka. Lakini katika madhehebu mengine, Mahanafi wanayapeleka hadi kwa jamaa walio maharimu, yaani wasioweza kuoana, na Mahanbali wanamlazimisha mrithi, kwa dalili ya aya ya 233 ya Albaqara. Yeye ni ndugu wa baba wa watoto wawili mayatima na ana maduka mawili. Nitumie namba yake ya simu. Nina rafiki imamu hukohuko Tanga, na nitafurahi sana tukizungumza naye baada ya Ijumaa juu ya kauli ya Mahanbali.

Wallahu a'lam.