Maswali na Majibu: Mabehewa yangu yote yamegeuka kahawia

SWALI: Nimeanza hivi karibuni kuchakaza mabehewa ya treni za mfano za skeli ya 1:76, yaani kuyapaka yaonekane yametumika. Nina mabehewa sita ya makaa ya mawe ya British Railways, shirika la zamani la reli la Uingereza, yale ya chuma ya tani 16, rangi ya kijivu. Nilinunua chupa ya enameli ya rangi ya kutu, nikayapaka yote sita kama nilivyoona kwenye video, nikaacha yakauke. Sasa ni kahawia tupu kuanzia juu hadi chini, na namba hazisomeki vizuri. Mwenzangu mmoja ananiambia niyafute kwa asetoni. Mwingine anasema nipulizie vanishi isiyong'aa na kila kitu kitakaa sawa. Nimfuate nani?
Msomaji, Leicester

JIBU: Usimfuate hata mmoja. Asetoni inayeyusha polistireni, na hiyo ndiyo plastiki ya mabehewa mengi ya aina yako. Ikishazilamba bawaba za milango, hakuna rangi itakayozirudisha. Vanishi nayo haisahihishi kitu, inalifungia kosa ndani tu: ukipuliza leo, kesho hata thina sahihi haitaifikia ile enameli.

Kazi yako inaokoleka. Nunua waiti spiriti, ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi badala ya tapentaini. Chovya kijiti cha pamba ya masikio, kisha kikaushe kwenye tishu mpaka kibaki na unyevunyevu tu. Jaribu kwanza chini ya behewa, pasipoonekana, uone kama rangi ya kiwandani inavumilia. Ikivumilia, futa ubavu kwa kuvuta kutoka juu kwenda chini. Usizungushe mkono, maji ya mvua hayakuteremka kwa kuzunguka. Acha kahawia ibaki kwenye pembe, kwenye bawaba na chini ya milango, kwingine kote iondoe mpaka kijivu kirudi. Usije ukabadilisha waiti spiriti kwa spiriti ya isopropili ukidhani ni ndugu moja: hiyo huondoa maandishi ya kiwandani, na namba zako tayari ziko hoi.

Kama enameli imeshakaa wiki kadhaa, huenda ikagoma. Usisugue kwa nguvu. Chukua akriliki ya kijivu iliyochanganywa na maji, urudishie kijivu kwa mabaka mepesi pale panapostahili, namba uzipe kibandiko cheusi chenye tarakimu nyeupe. Usione haya, hata mafundi wa reli wenyewe walifanya hivyo. Behewa liliporudi karakana, mara nyingi walipaka upya sehemu ya namba peke yake ili isomeke, ubavu uliobaki wakauacha na kutu yake. Ukilifanya hilo kwenye mawili kati ya sita, utakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko video uliyoifuata.

Sasa nije kwenye linalonikera. Mezani kwangu hayakosekani mabehewa ya namna hii, na karibu yote yanatokana na imani moja: kwamba kuchakaza ni kupaka kutu. Mtu ananunua chupa, anafungua, anapaka, anashangaa. Hakuna aliyemwambia ajiulize kwanza kutu ya behewa hilo ilitoka wapi.

Tuchukue hilo lako la tani 16. British Railways ilikuwa na zaidi ya 200,000 ya aina hii, kwa hiyo picha zake si haba. Kutu yake ilianzia ndani. Makaa yalipomwagwa yalikwangua rangi ya sakafu na kuta, na yalipopakuliwa, wakati mwingine kwa mashine inayolipindua behewa zima, yakakwangua tena. Makaa yale yalikuwa na maji, na salfa iliyomo ndani yake ikikutana na maji na hewa hutoa tindikali. Ndiyo maana behewa liliweza kuwa kutu tupu ndani huku ubavu wa nje bado ni wa kijivu. Wewe umefanya kinyume chake. Natumaini nakosea, lakini nahisi ndani ya mabehewa yako bado ni kijivu safi cha kiwandani!

Nje, kutu ilitokea pale maji yanapotuama au chuma kinapogongwa: ukingo wa chini wa ubavu, bawaba, mistari ya kuchomelea, na vibonyeo vilivyobonyezwa kutoka ndani na mzigo. Kutoka hapo ikateremka kwa michirizi. Rangi yake nayo ina umri. Kutu mpya ni ya machungwa, ya zamani ni kahawia nzito inayokaribia zambarau. Kutu ya machungwa iwe chache sana, nukta tu katikati ya ile nzito. Chupa yenye rangi moja haiwezi kukupa umri wa aina mbili hata ukiipaka mara kumi.

Halafu kuna suala la skeli, ambalo wanaoanza wengi hulipuuza. Kwa 1:76, milimita moja kwenye behewa lako ni sentimita saba na nusu kwenye behewa halisi. Ubavu wa mita tano umekuwa milimita 66. Doa unaloliona dogo kwenye ncha ya brashi ni bamba la kutu la upana wa kiganja. Kwa hiyo brashi iwe nyembamba, au tumia kipande cha sponji ulichokipunguza rangi kwenye tishu mpaka kikaribie kukauka. Nyeusi tupu iache kwenye kopo. Masizi ya injini za mvuke, zilizoendelea kwenye njia kuu za Uingereza hadi Agosti 1968, yanatoka vizuri zaidi ukitumia kijivu kizito chenye kahawia kidogo. Nyeusi halisi kwenye kitu cha urefu wa kidole huonekana kama shimo.

Fremu ya chini nayo ina fumbo lake. Vitabu vingi vya mwongozo vinakwambia uipulizie yote kahawia kwa sababu ya vumbi la breki. Ni kweli kwa mabehewa yaliyofungwa breki za ombwe, zinazoendeshwa kutoka kwenye injini, yale yaliyopakwa rangi ya udongo mwekundu. Lako la kijivu halikuwa na breki hizo. Lilikuwa na wenzo wa mkono ubavuni, na likiwa mbioni kazi ya kusimamisha treni ilikuwa ya injini na behewa la breki mkiani. Kwa hiyo vumbi la chuma liwe jembamba, uchafu wa njia uwe zaidi, na vikasha vya ekseli viwe na weusi wenye mafuta. Ukipaka magurudumu, uso wa nje peke yake. Sehemu inayokanyaga reli iache inang'aa, na ncha za ekseli zisiguswe kabisa, maana poda ya rangi ikiingia kwenye matundu zinamozungukia, behewa halitembei.

Ndiyo maana nasema anza na picha. Tafuta picha ya behewa halisi, ya mwaka unaouigiza, iweke mbele yako, kisha ndiyo ufungue kopo. Uchafu ni wa mahali na wa mzigo. Anayeunda treni ya Mombasa na Nairobi ya geji ya mita atahitaji vumbi jekundu la Tsavo, na behewa la magadi kutoka Ziwa Magadi linataka weupe wa unga kwenye milango. Ukiwapa hao wawili chupa yako ya kutu, mmekosa wote watatu. Na hayo sita yako yasifanane. Moja liwe limetoka karakana juzi, moja liwe mzee hasa, mengine yaangukie katikati. Yakiwa nyuma ya injini moja, macho yatayaamini.

Waganga wa mitandaoni hawatakwambia hayo, kwa sababu picha ya zamani haina bei. Wao wana seti ya chupa tatu inayomaliza kazi "kwa dakika kumi", na video iliyokatwakatwa usione vilivyoharibika. Kuna wa kuchovya behewa zima kwenye vanishi ya mbao yenye rangi: vanishi hutuama kwenye kila pembe, maandishi yakamezwa, na behewa likatoka liking'aa kana kwamba limenyeshewa siku nzima. Wabaya zaidi ni wanaofundisha "kutu halisi", yaani unga wa chuma kuunyunyizia siki mpaka uoze wenyewe. Mota ya injini yako ya mfano ina sumaku ndani. Chembe za chuma zikidondoka kwenye reli, sumaku inazivuta, na wa kwanza kulia hatakuwa yule wa kwenye video. Rangi za unga zinazouzwa kwa kazi hii ni oksidi ya chuma, hazivutwi namna hiyo, na ukitumia kidogo chupa inakaa miaka. Ujue tu kwamba ukizipulizia vanishi juu zitafifia, basi weka kwa kuzidisha kidogo, au usipulizie kabisa kama mabehewa hayashikwishikwi.

Kuhusu hewa unayovuta, sitaki mzaha. Waiti spiriti na enameli ni vya dirisha lililo wazi. Poda na kupuliza ni kwa barakoa, na kwa vimiminika vyenye thina kali barakoa ya kitambaa haifai, inatakiwa yenye vichujio vya mvuke. Kupuliza vanishi kwenye kibanda cha bustani chenye unyevu wa Januari ndiko kunakoleta ule ukungu mweupe ambao watu hunitumia picha zake wakiuliza ni ugonjwa gani.

Na kama umechoka unataka kununua yaliyokwisha kuchakazwa, mwombe muuzaji picha tatu zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana: ndani ya behewa, chini ya fremu, na uso wa magurudumu. Akikutumia tena ile ya ubavu iliyopigwa chini ya taa ya njano, usinunue.