Bamba la lampa likiwa jekundu, zima kwanza

Mdogo wangu wa Katuba, unasema umeweka kwenye amplifaya yako lampa (vali za kioo za kukuza sauti) mpya nne za EL34, na baada ya dakika 10 bamba la moja, yaani bati la ndani linalopokea mkondo, linawaka jekundu. Zima. Huo si mwanga wa filamenti, waya wa ndani unaopasha lampa moto. Mkondo umezidi, mara nyingi kwa sababu volti hasi ya gridi, wavu wa ndani unaozuia mkondo, ni ndogo mno.

Usirekebishe kwa sikio. Kabla ya kuwasha tena, zungusha skrubu ya bayasi (inayopanga volti hiyo ya gridi) hadi gridi iwe hasi kabisa. Spika iwe imeungwa, na mkono mmoja ukae mfukoni: kapasita hushika umeme hata waya ukishachomolewa.

Kama kila kathodi, sehemu ya lampa mkondo unakoanzia, ina rezista ya ohimu 1, pima hapo: milivolti 1 ni miliampea 1. EL34 hubeba wati 25 kwenye bamba. Chukua asilimia 70, yaani 17.5, gawanya kwa volti za bamba. Kwa volti 420 ni karibu miliampea 42. Mimi naishia 36, maana umeme wa hapa Lubumbashi ukipanda, mkondo nao unapanda. Ngoja dakika 20, pima tena.

Lampa hiyo ikibaki nyekundu, ihamishie tundu lingine. Wekundu ukiifuata, lampa ni mbovu. Ukibaki kwenye tundu la kwanza, shuku kapasita inayovuja kwenye gridi.