Re: Kwa nini ng'ombe anashuka bei kiangazi?

Mkuu umeuliza inakuwaje ng'ombe anashuka bei mnadani wakati gunia la mahindi linapanda. Ukame ndo ulivyo: malisho yakiisha wafugaji wote wanaswaga mifugo mnadani kwa pamoja, mnyama mbavu zinahesabika, dalali anamshika nundu anakutajia bei ya kuumiza na we huwezi kumrudisha umbali wote ule bila maji. Ukame wa 2022, kuanzia Longido (Tanzania) mpaka Kajiado (Kenya), watu waliumia sana. Mvua ikirudi kila mtu anabana mifugo yake inenepe, bei inapanda. Kwa hiyo uza mapema nyasi zikiwepo, anza na maksai (madume yaliyohasiwa) na majike yaliyozeeka, mitamba (majike machanga ambayo hayajazaa) usiguse kabisa. Beberu wazuie mpaka karibu na Idd el Hajj, wanunuzi wanakuwa wengi.