Mickey kaenda wapi?

SWALI: Salaam alekum mhariri, mimi niko Langoni hapa Lamu, naangalia Hustle, ile tamthilia ya Uingereza ya genge la matapeli, kwenye flashi ya binamu yangu, sasa nimefika sizoni ya nne Mickey, mkubwa wa genge, hayupo kabisa na Danny ndio bosi. Flashi imeruka ama? Tumebishana barazani mpaka kahawa ikapoa.

JIBU: Alekum salaam. Flashi yako haina makosa ndugu yangu. Adrian Lester, yule anayeigiza Mickey, hakucheza sizoni hio, kwa hivyo kwenye hadithi ikawa Mickey yuko Australia ati anajaribu kuuza Sydney Opera House, jengo la watu! Ya tano anarudi, ila Danny na mwenzao Stacie ndio basi, wanaingia Emma na nduguye Sean. BBC waliionyesha 2004 mpaka 2012, sizoni 8, vipindi 48, kwa hivyo bado uko nusu ya safari. Mimi wangu ni mzee Albert, suti imenyooka, anakaa tu anapiga stori na tajiri mpaka tajiri mwenyewe anabembeleza aingizwe kwenye dili, manake matapeli hawa hawamlazimishi mtu, wanangojea tamaa yake. Na Ash je, yule wa kujitupa kwenye magari apate fidia? Hapo mimi hucheka peke yangu.